Dosie ya Wote

Sanduku lilifika kutoka Goma likiwa juu ya magunia ya chumvi, ndani ya lori la mwenye nyumba wetu. Lilikuwa jeusi, dogo kama Biblia ya kusomea kanisani, na Papa Kordinatere, mkuu wetu wa kazi, alilishika kwa mikono miwili tangu mlangoni mpaka mezani. Akalifuta vumbi kwa mkono wa shati lake.

"Kazi yetu yote itaingia humu," akasema. "Kila muntu ataona kazi ya mwenzake bila kutoka ku kiti."

Tulilizunguka na kuliangalia. Halikuwa na kioo wala mahali pa kuandikia, ila taa ndogo upande mmoja na tundu la waya nyuma.

Biro yetu, yaani ofisi, ilikuwa Masisi, nyuma ya duka la mwenye nyumba huyo, na kazi yetu ilikuwa kutafuta familia za watoto waliopotea wakati wa kukimbia vita. Miaka ile kilima kizima kingeweza kuhama asubuhi moja, na njiani watu wakaachana: baba na mizigo upande huu, mama na mdogo mgongoni upande ule, na mtoto wa katikati akafuata watu asiowajua. Sisi tuliwapiga picha watoto hao, tukaandika waliyotuambia, halafu tukatafuta ndugu zao. Tulikuwa watatu tu. Papa Kordinatere alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa familia iliyolima vilima vya Masisi tangu zamani. Mwenzangu, niliyemwita kaka ingawa hatukuwa na undugu, alizaliwa Walikale na alishika upande wa Kashebere. Mimi, binti wa wakulima wa Mushaki, nilishika kambi za Kashuga.

Kabla ya sanduku, kila mmoja aliweka kazi katika kompyuta yake, na tukapeana picha kwa kle, kile kijiti cha kuchomeka. Kle ile ilitembeza virusi kutoka kompyuta moja hadi nyingine mpaka Papa akachoka, akaomba msaada Goma, na Goma wakaleta sanduku.

"Weye njo ulisoma informatike," akaniambia. "Utaliweka."

Nilikuwa nimesoma, ni kweli. Nilijifunza kuandika barua na kuchora majedwali kwa kompyuta, na nilipewa cheti. Juu ya masanduku hakuna aliyenifundisha kitu.

Fundi alikuwa Goma, kwenye simu. Simu yenyewe ilishika mtandao dirishani tu, na kompyuta zilikuwa upande wa pili wa chumba, kwa hiyo nilisimama dirishani nikipiga kelele na kaka akasimama kwenye meza akinijibu kwa kelele.

"Taa iko inawaka?" fundi akauliza.

"Kaka, taa iko inawaka?"

"Iko inawaka!"

"Ya rangi gani?"

"Ya kijani," kaka akasema. "Hapana, sasa imekuwa ya machungwa."

Nikamwambia fundi. Akasema, "Basi ngojeni."

"Tungoje nini?"

Simu ikakatika. Tukangoja, na mpaka leo sijajua tulikuwa tunangoja nini, lakini baadaye taa ilibaki kijani na fundi alipopatikana tena alifurahi.

Kisha akaniambia kila kompyuta lazima iwe na adrese. Nikamwuliza adrese ya namna gani, maana kwetu adrese ni kusema nyuma ya parokia, uliza kwa mama wa maandazi. Akanisomea nambari ndefu zenye nukta. Mwanzo wake ufanane kwa kompyuta zote, akasema, kama jina la familia, na mwisho wake utofautiane. Niliziandika mkononi kwa kalamu, nikaziingiza, na kwenye kompyuta ya Papa likatokea dirisha lenye neno la Kifaransa: *conflit*.

Papa alisoma juu ya bega langu. Akavua miwani.

"Konfli? Vita hata humu?"

"Ni adrese, Papa. Mashini mbili zimepewa moja."

"Na nani anapaswa kuhama?"

Sikujua. Nilibadilisha nambari ya kompyuta yake, dirisha likaondoka, na jioni ile zote tatu ziliweza kuingia kwenye sanduku. Fundi akaniambia nifungue mahali pa wote, na Papa akapaita Dosie ya Wote, yaani jalada la wote. Ndani yake nikafungua dosie moja ya Kashuga na nyingine ya Kashebere. Kaka aliandika barua akaiweka humo, mimi nikaifungua kwangu. Tukacheka kama watu waliofanikiwa kuwasha moto kwenye mvua.

Lakini kesho yake Papa alikuja mezani kwangu, amekunja uso.

"Ile barua iko kwangu ao iko kwako?"

"Iko mu sanduku, Papa."

"Kama iko mu sanduku, juu ya nini naiona kwangu?"

"Munaiona tu. Haiko kwenu."

"Na nikiifuta kwangu?"

"Itapotea kwa wote."

"Basi iko kwangu," akasema, akarudi kwenye kiti chake. Nilibaki nafikiri. Nilikuwa nimejibu vizuri kila swali, na bado mwisho wa mazungumzo alionekana ana haki yeye.

Mwenye nyumba naye alituchanganya. Alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, Mkatoliki wa kufunga duka kila Dominika hata soko likijaa, na alitupatia umeme wa jenereta yake. Sisi tulimwachia achape karatasi zake kwa mashini yetu ya kuchapia, kwa hiyo waya mmoja ulipita ukutani hadi dukani. Siku moja nikafungua Dosie ya Wote nikakuta picha za ubatizo: mtoto mchanga, padri, keki, na mwenye nyumba mwenyewe katika suti. Nikaenda dukani kwa mwenye nyumba.

"Papa, picha zenu ziko kwetu."

"Haiwezekani. Niko naziona hapa."

Aligeuza kompyuta yake nikaona. Picha zilikuwa kwake. Nikarudi, na zilikuwa kwetu. Nikadhani ni nakala, nikazifuta, na nikasikia sauti yake kupitia ukuta: "Mama weee! Mujukuu wangu amekwenda!" Ilibidi binti yake wa Butembo azitume upya na mtu wa lori.

Hayo yote tuliyacheka. Lililofuata hatukulicheka.

Papa alilipenda sanduku. Siku ambazo mimi na kaka tulikuwa nje, alichukua kadi za vifaa vyetu vya kupigia picha, akaziingiza moja baada ya nyingine, na kutuambia tukirudi: "Nimekwisha panga kila kitu." Tulimshukuru. Barabara zilikuwa zinachosha, na kazi ya kuhamisha picha ilichukua muda.

Wakati huo alikuja mama mmoja kutoka Mushaki. Hakuwa mtu wa kwetu kwa asili. Alikuwa mkimbizi aliyepokelewa na jamaa karibu na njia, lakini aliposema Mushaki nilimpa kiti cha karibu nami. Alikuwa amempoteza binti yake, mtoto wa kuanza shule, siku watu walipokimbia kutoka kijiji chao. Alikuwa amesikia sokoni kwamba biro fulani ina watoto ndani ya mashini.

Tulikuwa na desturi ya kuanza na picha, si majina, kwa sababu watoto wengine walitaja majina ya ajabu kwa woga, na wazazi wengine walijua jina la nyumbani tu. Nikamfungulia picha, moja moja. Mama yule alikaa wima, mikono magotini. Alikuwa anatazama kila mtoto kwa heshima, hata wavulana, na kwa kila mmoja alisema polepole, "Hapana. Hapana, maskini. Hapana."

Halafu akashika kioo cha kompyuta kwa viganja vyote viwili.

"Njo yeye."

Ilikuwa picha ya msichana mwenye sweta lililokatika mkono, nyuma yake hema la plastiki. Nilihisi nimewahi kuiona sura ile. Nikajiambia ni kawaida, maana nilitazama nyuso za watoto kutwa nzima. Picha ilikuwa katika dosie ya Kashebere. Nikatafuta nambari yake kwenye maelezo ya kaka, nikakuta: msichana, umri wa kuanza shule, amepokelewa na familia moja karibu na barabara. Mahali pa jina kaka aliandika kwamba mtoto hajasema neno lolote tangu afike.

Nikamsomea mama.

"Hajasema?" akashangaa. "Wangu anasema sana. Anasema mpaka unamwomba apumzike."

"Labda ni woga, mama."

"Labda," akasema. Halafu akalia, na sisi wote tukasimama kwa sababu hatukujua mahali pa kujiweka.

Kaka alituma ujumbe Kashebere kwa mwenye pikipiki, familia ijiandae. Mwenye nyumba alikuwa anapeleka sabuni na mafuta upande ule, akatupa nafasi kwenye lori: mama mbele karibu na dereva, mimi na kaka juu ya mizigo. Kwenye kizuizi kimoja mwanajeshi alitaka kuona karatasi zetu. Mama akampa picha tuliyoichapa. Mwanajeshi akaiangalia, akamwangalia mama, akasema, "Munafanana," akatufungulia njia. Kila lori liliposimama, mama alitoa kichwa dirishani akarudia neno lile: Amesema tunafanana. Umesikia?

Huko Kashebere walikuwa wametutayarishia. Uwanja ulifagiwa, viti vikatolewa nje. Mama mwenye nyumba ile, mwanamke mrefu wa sauti ndogo, alitusalimu kwa mikono, akaingia ndani, akatoka anamwongoza msichana. Alikuwa amemwogesha, amempaka mafuta hadi magoti yanang'aa, amemfunga kitambaa kipya kichwani.

Nikatazama mtoto. Nikatazama picha mkononi mwangu. Nikafikiri jua limenipofusha.

"Huyu ni nani?" mama wa Mushaki akauliza, kwa upole kabisa, kana kwamba angeletwa mwingine nyuma yake.

"Njo mutoto," akasema mama wa Kashebere. "Njo huyu kaka alipiga picha."

"Njo yeye," kaka akasema. "Nilimupiga picha mimi mwenyewe, hapa hapa ku mulango." Akachukua picha kutoka kwangu, akaigeuza, akaitazama upande wa nyuma mweupe kama mtu anayetafuta maelezo, akaigeuza tena. "Lakini huyu wa kwenye karatasi simujui."

"Unamujua. Iko ndani ya dosie yako."

"Dada, nakwambia simujui."

Nilimkasirikia, halafu nikajikasirikia, halafu sikujua ni nani wa kumkasirikia. Nambari ilikuwa ile ile. Maelezo yalikuwa yake. Picha niliitoa kwenye sanduku kwa mkono wangu. Nilijaribu kufuata tena hatua zote kichwani nikiwa nimesimama pale uwanjani, na kila mara nilifika mahali pamoja: picha na mtoto, na havikutani.

Msichana alikuwa amesimama wima mbele ya mama wa Mushaki. Walikuwa wamemwambia mama yake anakuja. Mtu alikuwa amemfundisha hata kunyoosha mikono miwili kusalimu, na aliinyoosha, na akaendelea kuiacha hewani. Mama wa Mushaki aliishika. Akamvuta mtoto, akamkalisha mapajani, akasema kwa sauti ya kawaida, "Na weye unaitwa nani?" Mtoto hakujibu. Tukaletewa ugali na sombe ya majani ya muhogo. Mama alimlisha mtoto kwa mkono wake, yeye mwenyewe hakula. Lori lilipopiga honi alimtelemsha chini taratibu, akapanga vizuri kile kitambaa cha kichwani, akaenda kupanda bila kugeuka. Mimi niligeuka. Mtoto alikuwa bado amesimama mahali alipowekwa.

Tuliporudi Masisi, kaka hakwenda hata kunywa maji. Alitafuta kadi ya kifaa chake, kwa bahati hakuwa ameifuta, akaichomeka. Pale palikuwa na msichana wa Kashebere, mbele ya mlango, kama alivyosema. Nambari ile ile. Tukafungua sanduku: nambari ile ile, lakini msichana mwenye sweta. Tukaangalia ya pili, ya tatu, nyingine na nyingine. Kwenye kadi ya kaka alikuwa mvulana, kwenye sanduku alikuwa binti. Watoto wake wengi wa Kashebere hawakuwamo kabisa. Mahali pao walisimama wengine.

"Hawa ni wangu," nikasema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu wa chumba cha pili. "Hawa ni wa Kashuga."

Vifaa vyetu viwili vilitoka kwa mfadhili mmoja, vya aina moja, na kila kimoja kilihesabu picha kuanzia moja, kwa hiyo picha zake na zangu zilipata nambari zile zile. Papa alikuwa ameingiza kadi ya kaka, kisha kadi yangu, zote katika dosie moja, ile ya Kashebere.

"Mashini haikukuuliza kitu, Papa?" kaka akasema.

"Iliuliza." Papa alikuwa amekaa, miwani mkononi. "Iliuliza kwa Kifaransa. Ilisema mwingine wa jina hili iko tayari, nimuweke mahali pake? Nikafikiri: mutoto ameandikwa mara mbili. Nikasema ndiyo." Akatutazama mmoja mmoja. "Kila mara nikasema ndiyo. Nilifikiri iko inasafisha."

Mama wa Mushaki alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote, na sidhani alielewa hata nusu, kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tunaelewa na kupoteza, tunaelewa na kupoteza.

"Sasa wangu yuko wapi?" akauliza.

Nilifungua karatasi zangu za Kashuga. Nambari ilikuwepo. Msichana, umri wa kuanza shule, anakaa kambini na bibi mmoja aliyemwokota njiani. Na mahali pa jina kulikuwa na jina lake, jina la mama yake, jina la kijiji, hata jina la mbuzi wao. Alikuwa amesema kila kitu. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu na kusahau, kati ya wengi niliowaandika.

Hatukuweza kuondoka mara moja. Mapigano yalikuwa yamefunga njia ya Kashuga, na milio ya silaha ilisikika mpaka dukani. Mwenye nyumba alimpa mama godoro kwake, naye alishinda siku zile akichambua maharage na wake za madereva. Kila asubuhi alikuja kuniomba nimfungulie picha. Nilimfungulia. Kila asubuhi pia niliogopa kwamba nitafungua na kumkuta mtoto mwingine.

Njia ilipofunguka tulikwenda naye, Papa Kordinatere mwenyewe mbele. Mvua ilikuwa imenyesha, kambi yote ni matope. Tulikuwa bado tunauliza kwa msimamizi wa kambi alipokaa yule bibi, mtoto akatokea kati ya mahema na kibuyu cha maji kichwani. Alisimama. Alikishusha kibuyu chini kwanza, kwa uangalifu, maji yasimwagike.

"Mama," akasema, "ulikawia sana. Niliambia bibi utakuja, akasema nyamaza."

Na akaendelea kusema. Alieleza habari za njia, za mvua, za mwana wa jirani aliyemwibia kijiko, huku mama amempigia magoti kwenye matope, amemshika miguu, hawezi kujibu. Papa alikwenda pembeni, akatugeuzia mgongo. Bibi wa kambini alilia kuliko wote.

Baada ya hapo tulifuta dosie ya picha, tukaijenga upya kutoka kwenye kadi. Kila picha tulianza kuipa jina la mahali na jina la mtoto, na fundi wa Goma akatufungia dosie, kila mtu aingize kwake tu. Papa hakuligusa tena sanduku. Alikuwa akiniletea kadi mezani na kuondoka.

Mama wa Mushaki alirudi kwetu mara moja zaidi, pamoja na binti yake, njiani kwenda Kashebere. Alikuwa amebeba kitenge na viatu vidogo. "Ule mutoto wa Kashebere," akaniambia, "siko nalala usiku juu ya kumufikiri. Nataka kumuchukua. Watakua pamoja." Nilimweleza kwamba mambo hayaendi hivyo, kwamba lazima tutafute ndugu zake kwanza. Hakunibishia, alikwenda tu, na mimi nikapanda naye kwa sababu nilitaka pia kumwona yule mtoto.

Mama wa Kashebere alitupokea lakini hakutoa viti.

"Siku ile mulienda, hakukula," akasema na ile sauti yake ndogo. "Alikaa pale ku njia mpaka giza. Sasa ameanza kucheza. Musimuite."

Mtoto alikuwa nyuma ya nyumba, anatwanga mchanga na majani ndani ya kopo pamoja na wengine. Mama wa Mushaki alimwona kutoka pembeni ya ukuta. Alisimama muda, kisha akampa mama mwenzake kitenge na viatu, wakashikana mikono, wakaongea kwa sauti ya chini mambo ambayo sikuyasikia.

"Anasema sasa?" nilimwuliza yule mama wa Kashebere tulipokuwa tunaondoka.

"Anasema kidogo. Ananiita mama. Jina lake bado."

Kisha vita vilifika Kashebere, na familia ile ikahamia ndani zaidi ya Walikale. Kaka aliulizia njiani mwaka ule na uliofuata. Mtu mmoja alimwambia kwamba mjomba mmoja alikuwa amejitokeza akimtafuta msichana wa umri ule. Mwingine akamwambia mjomba yule alikuwa anatafuta mvulana. Mimi niliacha kazi nilipoolewa, nikarudi Mushaki. Mara kwa mara nakutana sokoni na yule binti wa sweta, sasa ni mwanamke mwenye biashara ya jibini, na bado anasema mpaka unamwomba apumzike. Ananiuliza kama yule mwenzake wa Kashebere alipatikana. Namwambia sijui, na ndiyo kweli.